Keki ya Mtu wa Kwanza

Jumapili ya ubatizo wa Winifred, mama yake aliamka akiwa ameshakata shauri. Nell Harker hakuwa mtu wa kupayuka. Alimnyonyesha mtoto, akambadilisha nepi, akashuka naye jikoni na kuchochea makaa ya jiko. Birika lilipoanza kuimba, akamwambia mumewe bila hata kugeuka:

"Tunakwenda kwa miguu."

Amos alikuwa anapiga viatu rangi. Brashi ikasimama hewani.

"Nell, mke wangu. Gari nimeliosha jana. Nimelisugua mpaka jirani akaniuliza kama tunaliuza."

"Umelisugua likang'aa, Mungu akubariki. Tutalipanda kesho."

"Yule bwana ametia mnyororo."

"Nimeuona."

"Na kufuli."

"Na kufuli nimeliona. Chai yako ina maziwa tayari, usiongeze."

Amos akamtazama mkewe, akamtazama mtoto, kisha akarudia viatu vyake. Alikuwa amekaa na Nell vya kutosha kujua sauti ile. Sauti ile ndiyo iliyomwambia, miaka mitatu nyuma, kwamba watafunga ndoa mwezi wa tano, na mwezi wa tano wakafunga.

Thorngarth si kijiji. Ni nyumba chache za mawe zilizokumbatiana mgongoni mwa kilima, na kondoo wengi kuliko watu. Kanisa liko chini bondeni, Brackenby, na kati ya huku na kule ipo njia ya miguu inayokatiza malisho, inavuka kijito, inapita katikati ya uwanja wa nyumba kubwa iitwayo Garth, hadi kwenye lango la kanisa. Inaitwa Njia ya Jeneza. Kila aliyezaliwa Thorngarth ameshuka kwa njia hiyo mara mbili asizozikumbuka: ya kwanza akiwa ndani ya gauni jeupe, ya mwisho akiwa ndani ya sanduku.

Tatizo ni kwamba wazee hawakuona haja ya kuiandika. Nani aandike kitu ambacho kila mtu anakikanyaga? Kwa hiyo kwenye ramani ya halmashauri haimo. Na Bwana Crispin Vale alipoinunua Garth vuli iliyopita, akatazama ramani, hakuona njia, na kabla theluji haijayeyuka lango la uwanja wake likawa na mnyororo. Watu wakalalamika. Halmashauri ikamtuma ofisa, kijana mpole mwenye mafua, akasema atarudi kiangazi kuona kama njia inatumika kweli au ni hadithi tu. Tangu siku hiyo watu walikuwa wanazunguka kwa barabara ya lami, wakinung'unika, lakini wanazunguka.

"Hapo ndipo tunapojifunga wenyewe," Bibi Thirza alikuwa amesema. Huyu ni nyanya yake Amos, mwanamke aliyekaribia miaka tisini, mkavu kama kuni na mwepesi wa maneno. "Winifred akienda kubatizwa kwa gari, atakuwa mtoto wa kwanza wa Thorngarth kupita lami. Wa pili hata hataulizwa. Na mimi siku yangu ikifika mtanipakia kama gunia la viazi."

"Hutapakiwa, Bibi," Nell alimwambia. "Winnie atapita njia yake, na wewe utapita yako. Nakuahidi."

Ahadi ile ndiyo iliyomwamsha mapema. Nell hakuzaliwa Thorngarth. Alikuwa ameolewa huko, na siku ya kwanza ya baridi kali alipodhani atakufa kwa upweke, Bibi Thirza ndiye aliyemshika mkono akamshusha kwa njia ile, akimwonyesha nani alipumzika wapi na nani alimbusu nani kwenye ukuta upi. Nell alirudi nyumbani jioni ile akiwa mwenyeji. Sasa alitaka kumpa mwanawe kitu kile kile, tena kabla mtoto hajajua kwamba kinaweza kukosekana.

Ngazi ikalia. Akashuka Bev, rafiki yake Nell tangu shuleni, mama wa ubatizo wa Winifred, aliyefika jana yake kutoka Bradford. Macho mekundu, nywele zimesimama.

"Sijalala," akatangaza. "Kimya cha huku kinapiga kelele. Halafu saa sijui ngapi, mtu akakohoa chini ya dirisha langu. Kikohozi kikavu, kama cha mjomba wangu. Nikachungulia. Kondoo! Nell, kondoo anakohoa?"

"Anakohoa, shoga."

"Kama mtu?"

"Kama mjomba wako."

Bev akakaa, akavuta kikombe. Alikuwa amevaa suti ya rangi ya krimu na viatu vyeupe vya ngozi laini, vya kutazamwa zaidi kuliko kukanyagia. Amos aliviona viatu vile, akakohoa mwenyewe.

"Tunakwenda kwa miguu," akamwambia.

"Mpaka kwenye gari?"

"Mpaka kanisani."

Kabla Bev hajapata la kusema, Bibi Thirza akaingia kwa mlango wa nyuma, na kofia yake ya bluu ya ukili kichwani, na kifurushi kilichofungwa kwa kitambaa cheupe mikononi. Akakiweka mapajani mwa Bev kana kwamba anamkabidhi mtoto wa pili.

"Hii ni kazi yako, mama wa ubatizo. Ndani mna keki ya zabibu kavu, na kipande cha jibini, na chumvi kidogo. Utaibeba mbele ya mtoto. Mwanamume wa kwanza tutakayekutana naye njiani, unampa."

"Mwanamume yeyote?"

"Yeyote. Mtoto akiwa wa kiume hupewa mwanamke, akiwa wa kike hupewa mwanamume. Awe tajiri, awe mlevi, awe amelala usingizi ukingoni mwa shimo. Akiipokea, amemtakia mtoto maisha mema, na hana budi kumsindikiza kidogo. Akiikataa..." Bibi akaminya midomo. "Haijapata kukataliwa. Na usiionje."

"Sijaionja!"

"Unainusa. Kunusa ndiyo mlango wa kuonja."

Nell alikuwa anamvika Winifred gauni, lile lile alilovaa Amos, na baba yake Amos, na kabla yao Bibi Thirza mwenyewe. Gauni refu hadi sakafuni, na mtoto mwenyewe hajafika hata nusu yake. Winifred alitulia tuli. Alikuwa mtoto wa kutazama. Hata sindano za kliniki alizipokea akimwangalia nesi kwa makini kama anayetaka kumkumbuka baadaye.

"Na kwenye maji lazima alie," Bibi Thirza akaongeza. "Asiyelia kwenye maji ya ubatizo hajamtoa shetani."

"Huyu halii, Bibi," Amos akasema.

"Basi tumwombee."

Mawazo ya Nell yalikuwa kwenye kifurushi. Kila Jumapili asubuhi, mvua isiponyesha, Bwana Vale hukaa uwanjani kwake karibu na lango, na kikombe cha kahawa. Nell alikuwa amemwona mara nyingi kutoka upande wa pili wa mnyororo. Kama hawatakutana na mwanamume mwingine kabla, basi keki ni yake. Na kama watakutana? Njia ile, huku juu ya lango, asubuhi ya Jumapili bado huwa na watu wake. Hapo ndipo mpango wake ulipokuwa na tundu, na alijua. Ila hakuona njia nyingine iliyo safi kuliko hiyo. Hakutaka kwenda kwa mtu yule na kelele wala na wakili. Alitaka kwenda na mtoto na keki.

Wakatoka. Ulikuwa mwezi wa tano wenyewe, miti ya miiba imechanua maua meupe kama imemwagiwa maziwa, malisho yamejaa maua ya njano. Kuta za mawe makavu, yaliyopangwa bila tope wala saruji, zilipanda na kushuka vilima kila upande. Ndege mmoja aitwaye sululu alikuwa juu akilia kwa ule mlio wake mrefu unaopanda. Bev alitembea kwa vidole, kifurushi mbele, akiruka mavi ya kondoo.

"Hili ni tope au ni kitu kingine?"

"Ukilikanyaga haraka hutajua," Bibi Thirza akamjibu. Yeye alishuka akimshika Amos mkono, fimbo mkono wa pili, na ulimi ukiwa huru.

Walipofika kwenye mwanya wa kwanza ukutani, ule mwembamba ambao mtu hupita kwa ubavu na kondoo hubaki, Nell akamwona Seth Calvert. Seth ndiye mjenzi wa kuta wa bonde lile, mtu mnene, mwenye masharubu, rafiki wa kila keki. Alikuwa anakuja moja kwa moja kuelekea kwao. Moyo wa Nell ukashuka. Keki imekwenda, akajisemea.

Seth akainua kichwa. Akawaona. Akasimama kama aliyeona nyoka. Kisha, bila neno, akachuchumaa nyuma ya ukuta.

Kofia yake ikabaki juu, ikionekana vizuri kabisa.

Bev akasimama. "Yule mzee amefanyaje?"

"Nani?" Bibi Thirza akauliza.

"Yule! Mwenye kofia! Yuko nyuma ya ukuta!"

"Mimi sioni mtu. Amos, unaona mtu?"

"Naona kofia," Amos akasema, akijikaza asicheke. "Kofia si mtu."

Wakapita. Kutoka nyuma ya ukuta ikasikika pumzi ya mtu ambaye magoti yake hayakutegemea kazi hiyo.

Hawajafika kijitoni, Kit Alderson akatokea juu ya kilima na pikipiki yake ya magurudumu manne, gunia la chakula cha kondoo nyuma. Akawaona. Akageuza ghafla, akapanda kilima alikotoka kwa kasi, na kondoo wake wote, waliodhani wameachwa na chakula chao, wakamfuata mbio wakipiga kelele, na wanakondoo wakiruka nyuma ya mama zao. Na daraja la mawe walipolifikia, Wilf, mpiga kinanda wa kanisa, alikuwa amesimama amewapa mgongo, uso umeelekea kwenye shina la mti, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa.

"Habari za asubuhi, Wilf!" Bev akapaza sauti, kwa kuwa jana yake walitambulishwa.

Wilf akatikisa kichwa kwa nguvu bila kugeuka.

"Nell," Bev akanong'ona, "nakuuliza kama rafiki. Kijiji hiki wanaume wanaogopa watoto?"

Nell alikuwa ameshaelewa. Akamgeukia Bibi Thirza, ambaye ghafla alivutiwa sana na mawingu. Jana jioni nzima bibi yule alikuwa amekaa kwenye kiti cha ukumbini, simu sikioni, akimaliza moja anapiga nyingine, akicheka chinichini.

"Bibi. Zile simu za jana ulisema ni za maua ya kanisani."

"Zilikuwa za maua."

"Za maua tu?"

"Za maua, na mambo madogo madogo." Bibi Thirza akamwangalia usoni, macho yamemeta. "Unadhani ni wewe peke yako mwenye akili? Nilipokuona unaoka keki kubwa namna hiyo, nilijua si ya Seth."

Nell akacheka mpaka mtoto akatikisika kifuani. Tundu la mpango wake lilikuwa limezibwa na bonde zima, na hakuna aliyemwambia. Akamkumbatia bibi kwa mkono mmoja, wakavuka daraja.

Lango la Garth lilikuwa pale pale, mnyororo pale pale. Kibao kipya kilisema HAKUNA NJIA. Na upande wa pili, kwenye jiwe refu bapa chini ya mti, alikaa Bwana Vale, mtu mrefu mwenye sweta la kijivu, kikombe mkononi. Karibu na mlango wa nyumba palikuwa na bakuli la bati, tupu, limepinduliwa. Nell hakupata kuliona kabla ya siku ile.

"Habari za asubuhi, Bwana Vale."

"Njia imefungwa," akasema, bila ukali, kama mtu aliyelisema neno lile mara nyingi. "Kuna kibao."

"Tumekisoma. Kimeandikwa vizuri." Nell akamgusa Bev kwa kiwiko. Bev akanyoosha kifurushi juu ya lango.

"Hii ni yako," Bev akasema.

"Sikuagiza kitu."

"Haiagizwi," Nell akasema. "Huyu ni Winifred. Leo anabatizwa. Mwanamume wa kwanza tunayekutana naye njiani hupewa keki ya mtoto. Ndiye wewe."

Bwana Vale akatazama nyuma yao, kule njia ilikotoka, bonde zima. "Mimi ndiye mwanamume wa kwanza? Saa hizi?"

"Asubuhi imekuwa kimya," Amos akasema, akitazama viatu vyake.

"Na nikiipokea mnapita. Ndiyo hila yenyewe?"

Nell akajisogeza hadi langoni. Hakuinua sauti. "Ukiipokea umemtakia mtoto heri. Lango sitakuomba leo. Kesho nitakuja kukudai njia yetu, kwa sababu ni yetu, na nitakuja kila wiki mpaka ukinisikia nabisha hodi ujifiche chini ya meza. Lakini kesho ni kesho. Leo ni siku yake, na leo hatujaja kuchukua. Tumeleta."

Chini bondeni kengele za kanisa zikaanza kuita. Amos akamnong'oneza mkewe kwamba wakigeuka sasa hivi, wakipanda mbio, gari watalifikia.

"Akikataa je?" Bev akauliza kwa sauti ya chini.

Nell alilijua jibu, na halikumpendeza. Akikataa, watapanda kilima, wataingia kwenye gari linalong'aa, na mtoto wake atakuwa wa kwanza wa lami, tena mwenye keki iliyokataliwa. Bibi Thirza hatasema neno, na kutosema kwake ndiko kutakakouma. Hata hivyo Nell hakurudi nyuma. Alimgeuza Winifred ili naye amwone mtu yule. Winifred akamtazama Bwana Vale kama alivyomtazama nesi.

"Ana macho ya hakimu," Bwana Vale akasema mwishowe.

"Anayo. Hata mimi huwa nayaogopa."

Akaweka kikombe chini. Akaja, akakipokea kifurushi, akakifungua pale pale juu ya lango. "Keki na jibini? Pamoja?"

"Miezi yote hii uko hapa, hakuna aliyekulisha!" Bibi Thirza akashangaa. "Kula vyote pamoja. Umege hiki, umege hiki. Ndiyo hivyo. Usitafune kwa woga."

Akatafuna. Akamega tena. Kwa muda alikuwa mtu mwenye njaa tu, makombo kifuani. Kisha akasema, akitazama keki:

"Nilikuwa na mbwa. Fern. Wa miguu mifupi. Krismasi watu walipita hapa wakaacha lango wazi, akatoka hadi barabarani. Lori la maziwa." Akameza. "Si kwamba nawachukia watu. Kila nikisikia lango hili linagonga, namsikia yeye anatoka."

Nell alitazama lile bakuli la bati. Miezi yote ile walimjadili mtu huyu kwenye kila jiko la Thorngarth, tabia yake, pesa zake, sweta lake, na hakuna hata mmoja aliyebisha hodi kumuuliza ana nini.

"Hatukujua," akasema. "Na hatukuuliza. Pole sana, Bwana Vale. Ilitupasa tuje."

"Ilinipasa niseme."

"Basi adui yetu mmoja," Nell akasema. Akili yake ilikuwa imeshaanza kukimbia mbele, kama kawaida yake. "Lango. Wewe hulitaki, na sisi hatulihitaji. Tazama ule ukuta, pale penye nyasi ndefu. Yale mawe mawili yaliyochomoza ubavuni. Siku zote nimejiuliza yanafanya nini. Zile ni ngazi, sivyo, Bibi? Watu walipanda juu ya ukuta wakashukia upande wa pili."

"Kabla hawajabomoa na kuweka lango la matrekta," Bibi Thirza akasema. "Mimi nimezipanda na sketi ya harusi."

"Zikijengwa upya ngazi zile, lango unalifunga, ila siku ya jeneza tu. Watu wanapanda, hakuna cha kuacha wazi. Na mbwa wa miguu mifupi hapandi."

"Hapandi!" sauti ikasema kutoka ukutani.

Wote wakageuka. Seth Calvert alikuwa ameinuka nyuma ya ukuta, uso mwekundu, majani kwenye masharubu. Alikuwa amewafuata njia nzima kwa upande wa pili, ameinama.

"Samahani. Mgongo umekataa," akasema. "Na nimesikia habari za ukuta. Nipe mawe marefu manne tu, nitakujengea ngazi ambayo mjukuu wa huyo mtoto ataipanda."

Bwana Vale alimwangalia Seth, akamwangalia Amos aliyekuwa ameshika tumbo kwa kicheko, akaitazama ile njia tupu ya asubuhi. Polepole uso wake ukafunguka.

"Wako wangapi?" akauliza. "Waliojificha?"

"Wengi," Nell akakiri. "Mpaka mpiga kinanda."

Ndipo alipocheka. Kilikuwa kicheko kilichokaa muda mrefu bila kutumika, kilianza kwa kukwama kwanza. "Njoo kesho, bwana," akamwambia Seth. "Na yule kijana wa halmashauri akija, nitamwonyesha ngazi mimi mwenyewe."

Akatoa ufunguo, akafungua kufuli, akauvuta mnyororo pete kwa pete. Hakujua auweke wapi, akausokomeza kwenye mfuko wa koti alilokuwa ameliangika langoni, akalivaa.

"Umekula," Bibi Thirza akamkumbusha akiingia. "Kwa hiyo unamsindikiza mtoto. Ila kwanza nipumzike kidogo." Akaenda moja kwa moja kwenye jiwe bapa chini ya mti, akakaa kando ya kikombe cha kahawa. "Unapenda kukaa hapa?"

"Kila asubuhi. Jua linafika mapema."

"Nani asiyelipenda. Hapa ndipo wabebaji hutua jeneza, wapate kufuta jasho."

Bwana Vale akakitazama kikombe chake. Bev akatoa sauti ndogo.

"Usikiondoe, marehemu hawana neno," Bibi Thirza akasema. "Mume wangu alitua hapa. Siku ya mvua, mwezi wa kumi na moja. Wakamwekea mwavuli, kana kwamba angelowa." Akalipapasa jiwe kwa kiganja, kama mtu anayejaribu ulaini wa godoro. "Na mimi nitapumzika hapa hapa, siku yangu. Si muda mrefu." Kisha akainua mikono. "Nipe mtoto."

Nell akampa. Bibi akamlaza Winifred juu ya jiwe, gauni likamwagika pande zote mbili, jua likipenya kwenye majani na kucheza usoni mwake. Nell alisimama akaliangalia lile gauni na ile mikono yenye mishipa. Hakuwa na huzuni.

"Haya," akasema, "Kasisi Maude atatuchinja."

Kasisi Maude alikuwa mlangoni mwa kanisa akitazama saa, kanzu inapepea. Alimwona Bwana Vale amebeba keki nusu nyuma ya mtoto, akaacha kutazama saa. Ndani, Wilf alikuwa ameshafika kwenye kinanda chake, amepitia wapi haijulikani. Kit Alderson alikuwa benchi la tatu, amejaa manyoya ya kondoo. Wanaume wa Brackenby na Thorngarth walikaa mistari mizima wakitazama mbele kwa heshima kubwa, na kila mmoja alikuwa na tope magotini. Nell alipita katikati yao na mtoto wake. Hakumtazama hata mmoja, kwa sababu angecheka, na asingeweza kuacha.

Wakasimama kwenye beseni la mawe la ubatizo. Bev, viatu vyake sasa rangi ya bonde lenyewe, akajibu maswali yote kwa sauti thabiti. Kasisi akamchukua mtoto, akachota maji, akammwagia kichwani mara ya kwanza.

Winifred akamtazama.

Mara ya pili. Winifred akapepesa macho, akaendelea kumtazama. Nyuma, Bibi Thirza alianza kujisogezasogeza kwenye kiti. Mara ya tatu maji yakatiririka hadi sikioni, na mtoto akapiga mwayo. Amos akaminya mkono wa Nell.

Bwana Vale, aliyekuwa amesimama karibu na nguzo, akainama mbele ili aone vizuri. Koti likalala upande. Mnyororo ukateleza mfukoni, pete moja, ya pili, kisha wote na kufuli lake, ukaanguka kwenye sakafu ya mawe kwa kishindo kilichorudi mara mbili kutoka darini.

Winifred akaruka mikononi mwa kasisi, akafungua kinywa, akalia. Akalia kwa mapafu yote aliyokuwa ameyaweka akiba tangu azaliwe, mpaka ndege waliokuwa darini wakatoka.

"Afadhali!" Bibi Thirza akasema kwa sauti ya kusikika na wote.

Bwana Vale, masikio mekundu, akainama kuuokota mnyororo. Hakuuwahi. Kiatu cha Bev, chenye tope hadi kwenye kifundo, kilikuwa kimeshaukanyaga.

"Uache," Bev akamnong'oneza. "Shika mtoto, mama yake anatafuta kitambaa."